Binti Hakuulizwa

Kwa miaka tisa nilikuwa mshauri wa mahakama ya mwanzo huku kwetu milimani. Watu wengi bado wanatuita wazee wa baraza, hata sisi wanawake, nami nilizoea kuitwa mzee nikiwa na miaka arobaini na kitu. Kazi yenyewe ni kukaa pembeni ya hakimu, kusikiliza, kuuliza swali ukiwa nalo, na mwisho kutoa maoni yako kama mshtakiwa ana hatia au hana. Siku za kesi nilitoka nyumbani nimeshakama ng'ombe na kupalilia matuta mawili matatu ya kabeji, na nikirudi nilikuta palizi inanisubiri palepale nilipoiachia. Miguu ilichoka, lakini kilichonichosha zaidi ni masikio. Ukisikiliza kwa miaka tisa, unaanza kujua mtu atasema nini kabla hajafungua mdomo.

Kizimbani walisimama vijana wa kiume. Aliyeiba betri ya pikipiki. Aliyemkata mwenzake panga wakinywa boha, pombe yetu ya miwa. Aliyeuza mbuzi wa babu yake kisha akalia kwa Kishambaa kwamba babu alimruhusu. Wanawake nao walikuja mahakamani kila siku, ila walikaa kwenye mabenchi ya nyuma. Walikuwa mama, dada na wake za hao waliosimama mbele, wamebeba hotipoti za chakula wasichojua kama kitaruhusiwa.

Siku moja tukinywa chai baada ya kesi, hakimu wetu, kijana aliyetoka mikoa ya joto na ambaye hakuwahi kuvua koti tangu apangiwe huku, alituuliza jambo. Alisema amepitia majalada ya mwaka mzima na wanawake walioshtakiwa wanahesabika kwa vidole. Je, sisi wenyeji tunalielezaje? Mshauri mwenzangu, mzee mmoja mpole aliyekuwa mkulima wa viazi, alijibu haraka kwamba ni maumbile. Mungu amempa mwanamke moyo laini, hawezi kudhuru. Hakimu akanigeukia.

Nilimwambia, "Mheshimiwa, msichana wa huku ataiba saa ngapi? Anaamka kabla ya watu wote. Akienda kisimani akachelewa kidogo anaulizwa alikuwa na nani. Kaka yake akilala nje siku tatu, anaulizwa kama amekula."

Walicheka wote wawili. Hakimu alisema jibu hilo ni zuri kuliko yote aliyofundishwa chuoni. Nilirudi nyumbani nimefurahi. Sikujua kwamba nilikuwa nimeisema nyumba yangu mwenyewe, na kwamba nilikuwa nimeisema nusu tu.

Kabla sijafika huko, niseme na jambo lingine, maana sitaki kujipamba. Hao wanawake wachache waliofika kizimbani tuliwahukumu kwa mizani mbili. Mama mmoja aliyekamatwa na mapipa ya boha alikuja na mtoto mgongoni, akalia, akasema mumewe amehamia Tanga na hajarudi. Tulimwachia kwa onyo, na mzee mwenzangu alimpa na nauli. Mwezi uliofuata akaletwa msichana aliyehudumu baa ya sokoni, amevaa suruali, hakulia. Alikuwa amempiga mwanamume chupa ya kichwa. Alisema alimpiga kwa sababu alimshika, na akishikwa tena atapiga tena. Tulimpa miezi sita jela. Wiki mbili kabla ya hapo, mwanamume aliyefanya kosa kama lile alipewa kazi ya kufyeka nyasi za zahanati. Nilipoulizwa maoni kuhusu yule msichana nilisema ana hatia na anastahili adhabu kali. Njiani nikijiuliza sababu, niligundua sikukasirishwa na ile chupa. Nilikasirishwa na kwamba hakulia.

Mimi Mungu alinijalia watoto wawili tu. Wa kwanza binti, wa pili mwanamume, wamepishana miaka miwili. Tunaishi kati ya Magamba na Lukozi, mahali ambapo msitu unaanzia juu ya mashamba, na ukungu ukishuka asubuhi huoni mstari kati ya mahindi na miti. Mume wangu analima mboga, ni mtu wa msikitini, mchapakazi, hana makelele. Watoto hatukuwapiga ovyo. Tuliwalea kama tulivyolelewa, na hapo ndipo maneno yote yalipo.

Binti yangu sikuwahi kumpoteza machoni. Akivuka uwanja nilimwita. Akikaa kimya nilimwita. Alijua kupika wali akiwa na miaka tisa, na akiwa na kumi na mbili alinisaidia kumuuguza bibi yake hadi alipofariki. Mdogo wake alikuwa na manati na marafiki. Alitoka asubuhi, akarudi jioni amekunja fulana imejaa matunda damu, na sikuuliza yametoka shamba la nani. Nilichofanya ni kuyaosha. Siku moja jirani alikuja kulalamika kwamba kijana amevunja matawi ya mpeasi wake. Mume wangu aliomba radhi, na jirani alipoondoka alisema kwa sauti ya chini iliyojaa fahari kwamba mtoto wa kiume lazima apande miti.

Binti alifaulu kidato cha nne. Alipangiwa chuo cha kilimo, mbali kidogo, cha kulala hukohuko. Baba yake alikaa na barua ile siku nne, kisha akasema hapeleki msichana mahali ambapo hamjui anayefunga mlango usiku. Nilimwomba kidogo, si sana. Binti aliikunja barua akaiweka ndani ya Kurani yake. Miaka miwili baadaye mdogo wake alifeli mtihani uleule, na mavuno ya viazi ya mwaka ule yakamnunulia pikipiki ili asikae vibaya kijiweni. Nikamwona binti anaifuta ile pikipiki matope, kwa kuwa mdogo wake alikuwa amelala.

Siku mbili kwa wiki wanawake wa kijiji tunaruhusiwa kuingia msituni kuokota kuni kavu. Magoti yangu yalipoanza kuuma, binti akawa anakwenda badala yangu. Alirudi na mzigo mkubwa kuliko wa wanawake wengine, na nilimsifu kwa watu. Askari wa misitu walikaa njiani wakikagua pikipiki na magari, wakifungua magunia ya kabeji na kuchoma vyuma ndani yake. Mwanamke mwenye mzigo wa kuni kichwani walimpisha njia. Wengine walimwambia pole.

Walikuja asubuhi saa tatu, siku ya Jumatano. Nakumbuka kwa sababu haikuwa siku yangu ya mahakama na nilikuwa shambani nachuma maharage. Niliona kwanza mwenyekiti wa kitongoji, kisha askari wa misitu wawili, kisha polisi wawili. Mwenyekiti alinisalimu kwa heshima zote, akasema kuna tatizo dogo. Fundi mmoja wa samani, huko bondeni kuelekea Mombo, alikuwa amekutwa na mbao za mkulo, mti wetu wa msituni unaonukia na ambao umekatazwa kukatwa. Fundi alisema aliletewa na kijana mwenye pikipiki, akaeleza sura na rangi ya pikipiki.

Mwanangu alikuwa anakunywa uji. Walimwambia asimame, akasimama. Waliuliza stoo iko wapi. Binti yangu ndiye aliyekuwa na ufunguo, ameufunga kwenye pindo la khanga kama siku zote, maana stoo ya viazi ilikuwa chini yake. Alilifungua lile pindo, akawapa. Polisi mmoja, kijana tu, alimwambia, "Asante dada, kaa pembeni, usiogope." Waliondoa viazi, wakaondoa magunia, na chini kabisa wakakuta mbao fupi zilizopangwa vizuri, zimefunikwa majani makavu ya migomba. Zilikuwa fupi kama kuni. Harufu yake ilijaza uwanja wote.

Hakuna aliyemuuliza mwenye ufunguo ilikuwaje asijue kilichokuwa chini ya viazi vyake. Hata mimi, niliyekuwa nimeuliza maswali kizimbani miaka tisa, sikuuliza. Mwanangu alimtazama dada yake mara moja. Kisha akasema, "Ni zangu." Wakamfunga pingu.

Mwenyekiti alinipa pole. Aliongeza kwamba vijana wa siku hizi ni mtihani, na nishukuru Mungu nina binti.

Jioni ile nilikuwa jikoni, sina nguvu hata ya kuchochea moto. Mume wangu alikuwa amekwenda Lushoto kituoni kujua kijana amewekwa wapi. Binti aliingia, akakaa kwenye kigoda karibu na mlango. Nyumbani tunasema Kishambaa. Yeye alianza kusema Kiswahili, kile cha ofisini, kana kwamba nilikuwa nimekaa kwenye kiti changu cha mahakama.

"Mama, zile mbao ni zangu."

Nilimwambia anyamaze, asijitwike kosa la ndugu yake kwa huruma. Akasema hana huruma. Akanieleza kwa utulivu, na kila alichokisema kilikuwa na mpangilio kuliko ushahidi wowote niliowahi kuusikia. Yeye ndiye aliyegundua kwamba mzigo wa kuni haukaguliwi. Yeye ndiye aliyezungumza kwa simu na fundi wa bondeni, na fundi alidhani anazungumza na mke wa mwenye mali. Wapasuaji wawili wa kijiji cha pili walipasua mbao fupi kwa kipimo alichokitoa yeye. Alizichanganya na kuni, akazibeba mwenyewe kichwani, mzigo mmoja kila siku ya ruhusa, kwa miezi saba. Mdogo wake alikuwa msafirishaji tu. Mwanzoni hata hakuambiwa anabeba nini.

Nikamuuliza alikuwa anakosa nini. Tulikuwa tunamlisha, tunamvisha, posa imeshaletwa na familia nzuri ya Lukozi.

Alifikiri kidogo. "Nilitaka kitu kimoja ambacho hakuna aliyenipangia," akasema. "Kilikuwa kibaya, najua. Lakini nilikiweza."

Akasema kesho yake atakwenda kituoni kueleza. Alikuwa ameshapanga nguo ya kuvaa. Hapo ndipo mimi nilipofanya nilichokifanya, na nimekirudia kichwani mara nyingi sijaona kama ningeweza kufanya vingine, wala sijaona kama nilifanya sawa. Nilisimama, nikafunga mlango wa jiko. Nikamwambia haendi popote.

Nilimwambia, "Mwanamume akitoka jela huitwa mwanamume. Wewe ukitoka utaitwa nani? Nani atakuoa? Nani atakuajiri? Watasema mama yake ni mzee wa baraza. Mdogo wako ataoga, atapanda pikipiki, miezi mitatu watu watakuwa wamesahau."

"Kwa hiyo afungwe yeye kwa kuwa jina lake linaosheka?"

Nikamwambia tena haendi. Niliyajua niliyoyasema. Nilikuwa nimemwona kizimbani yule msichana wa suruali, na nilikuwa mmoja wa waliompa miezi sita. Sikukisia watu wangefanya nini kwa binti yangu. Nilijua, kwa sababu watu wenyewe ni mimi.

Binti alilia, yeye ambaye hata kwa barua ya chuo hakulia. Nikasikia nafuu kumwona analia, na baadaye niliona aibu kwa ile nafuu.

Kesi za msitu haziji kwetu. Zinakwenda mahakama ya wilaya, mjini Lushoto. Siku ya kesi nilikaa benchi la nyuma na hotipoti, katikati ya wanawake wawili nisiowafahamu, na mmoja aliniuliza kama wangu ni wa wizi au wa kupigana. Mwanangu alikiri. Hakimu alimuuliza kama alikuwa na wenzake. Wapasuaji walikuwa wamekimbia kijiji, hilo lilijulikana. Je, kuna mwingine, nyumbani au nje? Akasema, "Hapana, mheshimiwa." Hakugeuka nyuma. Alihukumiwa faini au kifungo cha miezi sita.

Tulikuwa na ng'ombe wawili, na mmoja angetosha kumtoa. Nilimwambia mume wangu tukiwa bado kwenye ngazi za mahakama. Akasema hapana. Akae ndani akomae, atajifunza, hata chuma hupita motoni. Nilimwambia kama angekuwa ni binti, ng'ombe angekuwa ameshauzwa tangu jana.

"Binti asingefanya," akanijibu.

Alisema bila hasira, kama mtu anayesema mvua huanzia Magamba. Tulipanda gari la kurudi tukiwa tumekaa viti tofauti.

Nilikwenda kumwona gerezani baada ya wiki tatu. Alikuwa amepungua, amenyolewa, masikio yamekuwa makubwa kama ya utotoni. Aliniamkia vizuri, akauliza hali ya baba na ya ng'ombe. Nilimwambia najua. Hakushtuka. Nilimuuliza kwa nini alisema ni zake wakati dada yake alikuwa amesimama palepale.

"Mama, ningesema ni za dada, nani angeniamini? Wangesema namsingizia mtoto wa watu." Alicheka kidogo kwa kusema hivyo kuhusu dada yake mwenyewe. "Halafu walikuja kunitafuta mimi. Niliona ndivyo inavyotakiwa."

Neno hilo nilirudi nalo. Kijana wa miaka ishirini na mbili aliona polisi wanakuja, akaona pamebaki nafasi ya mwanamume wa kufungwa, akaingia ndani yake kama anayeingia kwenye shati lililokatwa kwa kipimo chake. Nani alimkatia? Nilimnunulia manati mimi. Nilimwoshea matunda mimi.

Mahakamani niliendelea miezi miwili. Siku moja aliletwa kijana wa kuvunja duka, na mama yake akaomba kusema neno. Alisema, "Waheshimiwa, mimi nimemlea vizuri, sijui hili limetoka wapi." Nilikuwa nimesikia maneno hayo mara nyingi, na siku zote nilijisemea moyoni kwamba mama huyu hajitambui. Safari hii sikuweza kumtazama. Hakimu aliponiuliza maoni nilisema mshtakiwa ana hatia, kwa kuwa alikuwa nayo. Baada ya kesi nikamwambia hakimu magoti hayaniruhusu tena kupanda kilima. Alinishukuru kwa utumishi, akasema atalikumbuka jibu langu la siku ile ya chai. Nilitamani kumwambia alisahau kuniuliza nusu ya pili: wakiiba, nani atawaona? Nikaona haina maana kumbebesha kijana wa watu mambo yangu. Nikamuaga.

Nyumbani binti alikuwa anafanya kazi zote kama kawaida. Nilipomgusia suala la posa alisema ameshawaambia mwenyewe kwa simu kwamba haolewi. Baba yake alikasirika kwa siku kadhaa, kisha akaliacha, akidhani ni majonzi ya ndugu yake. Siku moja tukiwa tunamenya viazi nilimwambia ninajua ananichukia. Akasema hapana.

"Chuo mlininyima nikanyamaza," akasema. "Sasa na kosa langu mwenyewe mmempa mdogo wangu. Mimi nimebaki na nini?"

Kisu chake hakikusimama alipokuwa akisema.

Mwanangu alitoka baada ya miezi minne, miwili alisamehewa kwa tabia njema. Nilichotabiri jikoni kikawa kweli hadi nikaogopa. Kijiweni pale Lukozi vijana walimpokea kwa honi za pikipiki. Walimpa jina la utani, jina la sifa. Wazee walimsalimu na kumwambia amekua. Mwezi haukuisha alikuwa na wateja wengi kuliko zamani. Lakini ilikuwepo na sehemu ambayo sikuitabiri. Huko ndani alikuwa amefahamiana na watu, na watu hao wakaanza kumpigia simu. Mara mbili nimeona mizigo kwenye pikipiki ambayo hakutaka niiulize. Aliingia gerezani kwa jambo dogo asilolipanga, akatoka na nafasi ya kufanya makubwa, na kila mtu alimtarajia ayafanye. Ninamwomba Mungu. Mpaka leo hajakamatwa tena. Sijui kama hiyo ni dua yangu au ni bahati yake.

Wiki moja baada ya kurudi kwake, tukiwa tumekaa wote wanne tunakunywa chai ya asubuhi, binti aliweka kikombe chini. Akamwambia baba yake zile mbao zilikuwa zake, zote, tangu mzigo wa kwanza. Mdogo wake alitazama mkeka.

Mume wangu alimwangalia kwa upole sana. Akamwambia asiseme hivyo, ndugu yake ameshamaliza adhabu, hakuna haja ya kumtetea. Akasema ndiyo maana anampenda, ana moyo laini tangu utotoni.

Binti akanigeukia. "Mama, mwambie."

Nikasema, "Ni kweli, baba watoto. Alifanya yeye. Nilijua tangu siku ile."

Alitutazama mmoja mmoja. Sikuona hasira usoni mwake, niliona kuchoka, kama mtu aliyeambiwa njia aliyopita miaka yote haifiki anakokwenda na yeye hana nguvu ya kutafuta nyingine. "Mmekubaliana kunichezea," akasema. Akachukua jembe. Hakulizungumza tena hadi leo, na bado nikimsikia na wageni anawaambia kwamba binti yake ni malaika, mtihani ni kijana.

Mwezi uliofuata binti aliondoka. Nina binamu yangu upande wa Kwamkoro, kwenye mashamba ya chai, aliyempatia kazi ya kupima majani ya wachumaji. Baba yake alikubali bila maneno mengi. Nadhani aliogopa kwamba akikataa atasikia tena jambo asilotaka kulisikia. Nilimsindikiza hadi barabarani. Nilitaka kumwomba msamaha, nikamwambia huko kuna mvua nyingi, asisahau koti.

Hunipigia simu kila Ijumaa. Tunaongea habari za mvua, za chai, za magoti yangu. Anasema mizani yake haina malalamiko, wachumaji wanamwamini. Anakaa chumba chake mwenyewe na ufunguo anao yeye. Hajaolewa. Watu wakiniuliza ninasema bado hajampata mtu, nao wanatikisa vichwa, wananihurumia. Hakuna anayemuulizia mwanangu kama ameoa.

Idd iliyopita binti alikuja. Alikuwa amenenepa kidogo, anatembea kama mtu mwenye haraka zake. Baada ya kula, yeye na mdogo wake walikaa nje juani, wakaongea muda mrefu. Niliwasikia wanacheka kitu, sikusogea kukisikia. Kisha binti akainuka, akakusanya vyombo vyote, akachuchumaa kwenye beseni na kuanza kuosha, ilhali yeye ndiye mgeni aliyesafiri siku nzima. Mwanangu alibaki ameegemea ukuta, anachezea simu.

Nilimwambia, "Inuka umpokee dada yako vyombo."

Alidhani ninatania. Baba yake, aliyekuwa mlangoni, alikohoa. Binti akasema kwa sauti ndogo, "Mwache, mama." Nikarudia, safari hii kwa sauti niliyokuwa nikiitumia mahakamani. Kijana akainuka, akakunja mikono ya shati, akachuchumaa. Dada yake akasogea pembeni, akajifuta mikono, akakaa kwenye mkeka asijue aiweke wapi.

Aliosha sahani mbili. Simu ikalia, akatazama namba, akatoka nayo barabarani bila kusema anarudi saa ngapi. Nikamwambia binti asiinuke. Nikavuta kigoda, nikamalizia mimi.